Swichi muiweke mkononi mwa mtoto: barua ya wazi kutoka Chake Chake

Kwa waheshimiwa viongozi wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali Zanzibar, Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na kila anayechora au kutia saini ramani za skuli zetu.

Assalaamu alaykum warahmatullah.

Mimi ni fundi umeme wa Chake Chake. Natia waya nyumba za watu kuanzia Wesha mpaka Ole, na mara nyengine nafika hadi Konde akitokea mwenye nyumba wa kunilipia nauli. Sikusomea ulemavu wala malezi. Ninachokijua kuhusu usonji, yaani autism, nimekipata kwa mwanangu, aliyetimiza miaka 9 mwaka huu, na kwa kusoma kwenye simu usiku mpaka bando linakatika. Mtanisamehe nikiongea kifundi kwenye mambo ya kitaalamu, na mtanisamehe zaidi pale nitakapopandisha sauti.

Nina jambo moja tu. Siku mtakapoamua kuwajengea watoto wenye usonji chumba cha hisia, yaani chumba chenye taa, sauti na vitu vya kugusa vya kumtuliza mtoto, na naomba siku hiyo isiwe mbali, swichi muiweke mkononi mwa mtoto. Msiiweke mlangoni, usawa wa bega la mtu mzima.

Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu aligundua swichi ya ukumbini. Alikokota kiti, akapanda, akabonyeza, taa ikawaka. Akabonyeza, ikazima. Akabonyeza tena. Nilihesabu mpaka arubaini nikaacha. Taa yenyewe hakuwa akiitazama. Alikuwa akitazama kidole chake, kisha ukuta wa pili, pale mwanga unapotua. Mama yake akasema mwache, taa moja haitamaliza yuniti za umeme wa TUKUZA. Mimi nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, nikamchapa kofi la mkono. Hakulia kama nilivyotegemea. Alibandika paji la uso ukutani chini ya swichi, akabaki hivyo mpaka adhana ya Isha. Kesho yake nikaihamisha swichi ile juu karibu na dari, mahali ambapo hata mimi nilihitaji kijiti kuifikia. Nikajiona nimemaliza tatizo. Fundi umeme mzima, nimemnyima mwanangu swichi.

Miaka miwili mbele tukampeleka skuli. Skuli yenyewe siitaji, wala mwalimu wake simlaumu, maana alikuwa na watoto wengi kuliko madawati, ndani ya chumba kimoja cha bati. Kengele ya pale ni ringi ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, hupigwa kwa nondo. Siku ya kwanza ilipopigwa, mwanangu aliziba masikio, akajiuma mkono, akatoka mbio hadi barabarani. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu masika ikaanza kweli, na anayeijua mvua ya masika ya Pemba juu ya bati hahitaji kusimuliwa. Tukaambiwa, kwa upole, tumrejeshe nyumbani mpaka azoee. Azoee wapi na kwa nani, hilo hatukuambiwa.

Na mtoto huyo huyo, nyumbani, alikuwa akipiga sufuria kwa mwiko tangu asubuhi mpaka majirani wanakuja kulalamika. Mmoja wao alitwambia wazi: huyu haogopi kelele, mumemdekeza. Kwa muda nilikubaliana naye. Maana kama kelele zinamuumiza, mbona anazitengeneza mwenyewe?

Jibu lilikuwa limeshaandikwa kabla baba yangu hajazaliwa. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa Baltimore kule Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza, na maandishi hayo ndiyo yaliyoanzisha matumizi ya neno hili la usonji kama tunavyolijua leo. Aliandika kwamba watoto wale walitishwa na mashine ya kufagilia, na lifti, na mashine ya kupigia mayai, wengine hata na upepo. Kisha akaongeza jambo ambalo nililisoma mara tatu: inayotisha si kelele kwa ukelele wake, maana mtoto anaweza kufanya kelele kubwa kama ile ile anayoiogopa na akafurahi nayo. Kinachomvuruga ni kelele inayomvamia.

Ringi inapigwa na mtu mwengine, saa asiyoijua yeye. Sufuria anaipiga mwenyewe. Baina ya ringi na sufuria ndipo mlipo mchoro wote wa chumba ninachowaomba.

Niseme kidogo juu ya hisia zenyewe, kwa wale ambao hawajaishi nazo. Watu wengi hudhani mtoto wa usonji ana masikio makali basi. Wapo hivyo. Wapo pia walio kinyume, ambao mwili hauwapi habari za kutosha, kwa hiyo wanazitafuta: wanazunguka, wanajirusha, wanajigonga, wanagusa kila ukuta wanaoupita. Mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, toleo la mwaka 2013, uliziingiza hali zote mbili miongoni mwa dalili. Mwanangu anazo zote kwa mpigo. Lebo ya shati inamuwasha kama upupu, lakini starehe yake kubwa ni kulala chini ya godoro, si juu yake. Mwengine nimjuaye, wa shehia ya jirani, mambo yake ni kinyume kabisa. Ndiyo maana chumba kilichopangwa kwa kanuni moja, taa hizi na muziki huu kwa kila mtoto, kitamfaa mmoja na kumtesa wa pili.

Sasa niwaeleze chumba nilichokiona kikifeli. Ilikuwa kituo fulani nilichokwenda na mwanangu alipokuwa na miaka sita. Nauli niliazima. Kulikuwa na mnara wa kioo wenye maji na mapovu, unaobadilisha rangi. Kulikuwa na nyuzi za mwanga zinazoning'inia kama nywele, kioo ukutani, mashine ya harufu, na spika. Vyote vya nje, vyote vizuri, nami kama fundi nilitamani kuvifungua nione ndani. Aliyetupokea alisimama mlangoni, akabonyeza swichi moja, na kila kitu kikawaka kwa pamoja. Mwanangu hakumaliza dakika. Alijitia chini ya meza akavuta kitambaa cha meza kikamfunika. Yule bwana akasema, kwa nia njema, "leo hayuko vizuri." Niliporudi baada ya mwaka, pampu ya mnara ilikuwa imekufa, kipuri hakipatikani, na chumba kimekuwa stoo ya makaratasi. Ufunguo alikuwa nao mtu aliyesafiri.

Hayo hayakuwa mawazo ya waliovumbua vyumba hivi. Vilianza Uholanzi miaka ya 1970, kwenye kituo kiitwacho De Hartenberg katika mji wa Ede, na waliovianzisha, Jan Hulsegge na Ad Verheul, waliunganisha maneno mawili ya Kidachi, moja lenye maana ya kunusanusa na jengine la kusinzia. Kunusanusa! Yaani mtu ajichagulie, aguse hiki, aache kile, apumzike. Kilichosafiri hadi huku kwetu ni mashine. Kunusanusa kulibaki bandarini.

Nilipotafuta zaidi nikakuta watu wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, wamelipima jambo hili hasa. Waliwachukua watoto 41 wenye usonji, wa umri wa miaka 4 hadi 12, wakawatia kwenye chumba cha hisia kwa namna mbili: mara moja mtoto mwenyewe ndiye anayeviwasha na kuvibadilisha vifaa, mara nyengine vinabadilika bila yeye. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Mtoto alipokuwa na mamlaka juu ya vifaa, alizingatia zaidi, na zile harakati za kujirudiarudia na sauti za kujirudia zikapungua. Vifaa ni vile vile, chumba ni kile kile. Kilichobadilika ni nani mwenye swichi.

Yuko pia mtu asiyehitaji kupimwa na watafiti, maana alijisemea mwenyewe. Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji, ambaye baadaye alikuwa profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Colorado State, alipokuwa msichana alikwenda kukaa kwenye shamba la ng'ombe la shangazi yake huko Arizona. Akaona ng'ombe wa kuchanjwa wakiingizwa kwenye kibanio cha mbao, na baadhi yao wakitulia mara tu mbavu zikishabanwa. Akaomba naye abanwe. Kisha akajitengenezea kibanio chake, chenye mkono wa kuvuta ndani yake, ili yeye ndiye aamue kibane kiasi gani na kiachie saa ngapi. Ameeleza kwamba utotoni alitamani kukumbatiwa, ila akikumbatiwa na watu alizidiwa. Mashangazi zetu wa Pemba mnawajua kwa kukumbatia, hawaulizi. Nilipoisoma habari hiyo niliwaomba radhi kimoyomoyo watoto wote niliowahi kuwalazimisha kwenda kumbusu bibi.

Baadaye nikaona kazi ya Sean Ahlquist, aliyeifanya akiwa mhadhiri wa usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Michigan, ambaye ana binti mwenye usonji. Ametengeneza hema za kitambaa kilichofumwa kwa mashine, kinachonyumbuka, kimetandazwa juu ya fito zilizopindwa. Mtoto akikibonyeza kitambaa, kamera inapima amekizamisha kiasi gani, na rangi na sauti zinajibu palepale. Akikigusa kidogo kinajibu kidogo, akisukuma kwa nguvu kinajibu kwa nguvu. Mtoto anajifunza kupima nguvu ya mkono wake bila ya kuambiwa "taratibu" mara mia. Barcelona nako, miaka ya mwanzo ya 2000, kina Narcís Parés na wenzao wa vyuo vyengine vya Ulaya walijenga chumba kizima kinachofuata mwendo wa mtoto, kisichomdai neno wala kumpa kazi ya kumaliza. Mimi vyumba vya namna hii naviita vyumba vinavyoitikia. Mwenye kukaa kwenye maulidi ya homu anajua kuitikia ni nini. Mmoja anaanza, safu nzima inamfuata, na hakuna anayejibu kabla ya kuanzwa. Chumba kisubiri kuanzwa.

Nikavunja stoo ya karafuu iliyo nyuma ya nyumba. Futi nane kwa tisa. Harufu ya karafuu haijatoka na haitatoka, lakini huyu ni Mpemba, haimsumbui. Chini ya bati nikafunga majamvi makuukuu mawili, moja juu ya jengine, na mvua ikashuka kutoka kupiga hadi kunong'ona. Ukutani nikatandaza mikeka. Taa ya tyubu iliyokuwepo nikaing'oa. Kwa wasiojua, tyubu ya zamani yenye choki hupepesa mara 100 kwa sekunde na hulia, mlio mwembamba ambao sisi masikio yetu yameshauzoea. Yeye hakuuzoea kamwe.

Umeme wote wa chumba kile ni volti 12, wa betri ya sola. Hata akitafuna waya, hafi. Taa za LED za rangi ya kandili. Kutoka darini zinashuka kamba za usumba, kila moja unene wake, zimefungwa kwenye swichi za kuvuta. Kamba nene inawasha taa. Nyembamba inawasha feni ndogo ya kompyuta inayopuliza kipande cha kanga. Ya tatu haina umeme kabisa, imefungwa kayamba, ukivuta inaliza. Chini ya mkeka kuna kitufe cha kengele ya mlango, na humo mwanga hukaa muda ule ule aliosimama, akitoka nao unaondoka. Kwenye boriti nimetundika pembea ya wavu wa jarife kuukuu, ndani yake nimeshona kanga mbili, mtoto akiingia inamkunja mwili mzima. Pembea si ushamba wangu, A. Jean Ayres, Mmarekani aliyeasisi tiba ya kuoanisha hisia miaka ya 1970, alizitumia katika kazi zake. Gharama yote haikufika bei ya mbuzi wa Idi.

Nilikosea sana, na makosa hayo nawapa bure. Kwanza nilitia kamba nane, akashika moja na kuzikimbia saba, nikazitoa hadi zikabaki tatu. Kisha nikajifanya mjuzi, nikafunga kifaa cha kufanya taa iwake polepole, kwa sekunde mbili, nikidhani itakuwa laini machoni. Alivuta, hakuona kitu, akavuta tena, akavuta kwa hasira mpaka akaing'oa swichi na kipande cha dari. Alikuwa na haki. Sekunde mbili kwetu si kitu, kwake ni chumba kilichokataa kuitikia. Jibu lazima lije papo hapo, na kitendo kimoja kizae jambo moja. Siku nyengine bibi yake, kwa mapenzi tu, alifukiza udi humo. Mwanangu hakuingia siku tatu.

Na siku moja baada ya Maghrib alivuta kamba nene, taa ikawaka, akavuta ikazima. Akaitazama kamba. Akanishika mkono kwenye kifundo, kama mtu anavyoshika koleo, akaubandika kwenye kamba. Mtoto huyu maneno yake hayafiki kumi. Sijui kama ule ulikuwa mchezo au amri. Nilivuta.

Nisifanye chumvi. Chumba hakiponyi usonji, na yeyote atakayewaletea mashine na kuwaambia inaponya, mpeni chai arudi kwao. Mwanangu bado anajiuma mkono. Kwenye familia tumepita kote, tumenyweshwa makombe, tumeambiwa jini, wala simcheki aliyetushauri, maana alikuwa akitafuta njia kama sisi. Chumba kinachofanya ni kumpa saa moja kwa siku ya kuwa mahali pasipomvamia. Akitoka humo anakula. Anakubali kukatwa kucha. Kwa mwenye mtoto wa namna hii, kucha si jambo dogo.

Sasa ombi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya 100 duniani ana usonji. Kwa makadirio hayo, skuli ya watoto 1,000 ina kumi hivi, na wengi wao hapa kwetu hawajawahi kuitwa kwa jina hilo. Wanaitwa watukutu, mabubu, au wameshabaki nyumbani kama wangu. Zanzibar ilitunga sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo mwaka 2009. Karatasi zipo. Skuli za ghorofa nazo zinapanda, Unguja na Pemba, tunaziona na tunashukuru. Ninachoomba ni chumba kimoja katika kila skuli mpya, na kichorwe kabla ya msingi, kwa sababu chumba kinachotafutwa baada ya jengo kwisha huwa ni kile kilicho karibu na choo.

Kiwe chini, kisiwe ghorofani, maana watoto wengine hawaogopi urefu. Kiwe mbali na kengele, geti na jenereta. Magda Mostafa, msanifu majengo wa Cairo, ameandika kanuni saba za kuwajengea watu wenye usonji. Zinahusu utulivu wa sauti, mpangilio wa vyumba unaofuatana na mtiririko wa siku, mahali pa kujificha, kugawa nafasi vipande vidogo, sehemu za mpito, kutenganisha pa makelele na pa kimya, na usalama. Ni Mwafrika mwenzetu, na kanuni zake hazihitaji mashine hata moja. Nilipofika kwenye sehemu ya mpito nilicheka peke yangu. Anasema mtoto asitolewe kwenye kelele akatupwa kwenye kimya ghafla, awe na mahali pa kutua katikati. Hiyo ni baraza, waheshimiwa. Wazee wetu walijenga baraza mbele ya kila nyumba, nasi kwenye skuli mpya tumeiondoa.

Vifaa visiagizwe. Kituo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji kina vijana wanaosomea umeme na useremala, na Taasisi ya Karume kule Mbweni ina wanafunzi wa elektroniki wanaotafuta kazi ya kumalizia masomo. Wapeni. Kitakachokufa kitatengenezwa na aliyekitengeneza, si kusubiri kontena. Viwe vya volti 12 na betri yake, kwa sababu tangu waya wa baharini kutoka Tanga ufike Pemba mwaka 2010 hali imekuwa nzuri kuliko enzi za majenereta, ila umeme hukatika, na hukatika bila kumuarifu mtoto.

Kabla ya kuchora, Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha kituite sisi wazazi, tukae chini, na watoto wawepo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto asiyesema naye ana maoni, mpeni kamba tatu mtaona anayoichagua. Walimu watakaosimamia wafunzwe jambo gumu kuliko yote, nalo ni kukaa na kunyamaza. Mimi lilinichukua miezi minne. Kila alipogusa kitu nilikuwa nasema "hii nini? taa! sema taa!" mpaka akaanza kuniziba mdomo kwa kiganja.

Na hapa naongea kwa ukali kidogo. Mlango wa chumba hicho usiwe na komeo la nje. Kamwe. Nimeshasikia mtu akiita chumba cha namna hii "pa kumtia akileta fujo." Mkijenga cha hivyo, bora msijenge. Mtoto aingie kwa miguu yake na atoke kwa miguu yake, na pembea isiwe kamba ya kumfungia.

Lipo dogo ambalo halingoji bajeti. Tuna viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo kwa Unguja na Tibirinzi hapa kwetu. Sikukuu nzima mwanangu huzisikia pembea za Tibirinzi kwa mbali, akajinyonganyonga kwa hamu, lakini spika na umati vinamrudisha getini. Tutengeeni asubuhi moja ya Idi, saa mbili mpaka saa nne, muziki umezimwa, watoto wachache. Anayeendesha mashine awaulize wazazi kabla hajaiongeza kasi. Sijui kama kuna gharama humo zaidi ya kuzima spika.

Na kwa kuwa nimetaja spika: siku ya usonji duniani, tarehe 2 Aprili, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, niliwahi kualikwa kwenye hafla yake. Kulikuwa na fulana, keki, na spika mbili ndefu kuliko mimi. Mshereheshaji alikuwa akipiga kelele za furaha, na watoto wenye siku yao walikuwa mstari wa mbele, wote mikono masikioni. Wazazi tuliokuwepo tulitazamana. Hakuna aliyesimama kusema, mimi nikiwemo. Ndiyo naandika sasa.

Kama kuna yeyote kati yenu atakayekuwa na safari ya Pemba, karibuni kwangu, sheha wetu ananijua. Njooni baada ya Alasiri, ndiyo saa yake ya kuingia chumbani. Nawaomba msijipake manukato siku hiyo, simu mzizime, na muingie wawili wawili. Viatu mtaviacha barazani, mkae hapo kidogo mpaka akuzoweeni. Mkishaingia msivute kamba yoyote. Kaeni juu ya mkeka, mkono wazi juu ya goti. Akitaka mvute, atauchukua mkono mwenyewe na kuupeleka. Umeme ukikatika msishtuke, betri inafika hadi Isha.

Wenu mtiifu,
Fundi umeme, na baba
Chake Chake, Pemba